Salamu za Tisa Desemba: bendera ya usiku ule na hii ya leo

Ndugu, jamaa na marafiki, wazee wangu shikamooni. Heri ya Sikukuu ya Uhuru kwenu nyote, mlio hapa Dar, mlio mikoani, na ninyi wa ng'ambo mnaosherehekea kwa simu. Tumefika tena Desemba. Joto limekaza, mvua za vuli zinanyesha zikijisikia, embe zimeshuka bei hadi zinauzwa kwa ndoo, na pale stendi ya Mbezi Luis watu wa Moshi wameshaanza kugombea siti utadhani Krismasi ni kesho asubuhi. Barabara ya Morogoro nayo imevaa. Bendera kwenye nguzo, bendera kwenye bajaji, hata muuza madafu wa Mnazi Mmoja kachomeka kijibendera kwenye baiskeli yake.

Salamu zangu za mwaka huu nimeona zihusu bendera hizo. Kuna jambo tunalijua wote ila hatulisemi sana: ile iliyopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 si hii tunayoipeperusha leo kuukumbuka usiku huo.

Waliokuwepo Uwanja wa Taifa, ambao leo ni Uwanja wa Uhuru, wanasimulia kwamba taa zilizimwa, bendera ya Mwingereza ikashushwa gizani, na taa zilipowaka ya Tanganyika ilikuwa juu ya mlingoti. Ilikuwa ya mistari iliyolala: kijani juu, nyeusi katikati, kijani chini, na baina ya rangi na rangi ukanda mwembamba wa dhahabu. Msingi wake ni bendera ya TANU, kijani na nyeusi. Mistari ya dhahabu ndiyo iliyoongezwa. Luteni Alexander Nyirenda alipanda nayo Kilimanjaro pamoja na mwenge, na kilele kikapata jina la Uhuru.

Itazameni vizuri bendera ile kwenye picha za zamani. Haina buluu hata chembe. Nchi ina Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa, ina pwani kutoka Tanga hadi Mtwara, mji mkuu wake wakati huo uko mdomoni mwa bahari, halafu maji hayamo! Wala haikuwa na juu wala chini. Ukiipindua ni ileile, kwa hiyo hakuna askari aliyewahi kuitwa ofisini kwa kuipandisha kichwa chini. Ilidumu miaka miwili na nusu.

Ng'ambo ya maji mambo yalikwenda mbio zaidi. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na bendera yake ilikuwa nyekundu yenye duara la kijani, ndani ya duara karafuu mbili. Ilipepea mwezi mmoja tu. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yakaifuta, na kabla mwezi haujaisha Jamhuri ya Watu wa Zanzibar ikawa na yake ya buluu, nyeusi na kijani, rangi za chama cha Afro-Shirazi. Nayo haikupata hata kuchakaa, maana Muungano ulikuja tarehe 26 Aprili, na tarehe 30 Juni 1964 tukapata hii. Hata jina la Tanzania lilikuwa halijatoka. Lilitangazwa Oktoba mwaka huohuo. Bendera ililitangulia jina.

Sasa ziwekeni zile mbili kando kwa kando, ya Tanganyika ya 1961 na ya Zanzibar ya 1964. Nyeusi iko katikati kwenye zote mbili. Kijani kipo kwenye zote mbili. Tanganyika ikaleta mistari ya dhahabu, Zanzibar ikaleta buluu. Kazi iliyobaki ilikuwa kuzipanga, na hapo ndipo ninapomvulia kofia aliyechora. Angeilaza mistari, lazima mmoja angekuwa juu na mwingine chini ya mwenzake, na sisi tunavyojuana maneno yasingeisha. Akaisimamisha hanamu: nyeusi inapanda kutoka pembe ya chini penye mlingoti hadi pembe ya juu upande wa pili, ikisindikizwa na dhahabu pande zote, kijani na buluu zikapata pembetatu zilizo sawa. Shuleni tuliimbishwa maana zake: kijani ni ardhi na mimea, nyeusi ni watu, dhahabu ni madini, buluu ni bahari, maziwa na mito. Sikumbuki mwalimu aliyetuambia kwamba watu walikuwa katikati kabla ya Muungano wenyewe.

Lakini hanamu ina gharama zake, na anayeijua vizuri ni fundi. Kariakoo kuna mzee mmoja ninayependa kukaa kibarazani kwake, anashona bendera za shule na za ofisi za serikali za mitaa. Nilimkuta majuzi akiunganisha kijani na ukanda wa dhahabu, pini zimejaa mdomoni. "Mjomba," akaniambia alipozitoa, "kitambaa ukikikata hanamu kinavutika. Ukikiachia mashine ikivute yenyewe, bendera inatoka na tumbo." Kwa hiyo anakata, anakipiga pasi bila kukisukuma, anakibana kwa pini kila baada ya vidole vinne, ndipo anashona polepole mkono wa kushoto ukikibeba kitambaa kisining'inie. Ile ya mistari iliyolala, anasema, hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeiweza. Zilizopigwa chapa mashine zinazouzwa pale mtaani zimemnyang'anya wateja wengi, lakini zigeuzeni muone: nyingi upande wa nyuma rangi imefifia kama kanga iliyofuliwa mwaka mzima, na buluu yake mara ya bahari, mara ya sare za shule. Njano yake nayo ni ya Yanga kabisa. (Watani wangu wa Msimbazi wanalalamika kila mwaka kwamba bendera ya taifa ina kijani, njano na nyeusi bila hata kitone cha wekundu. Andikeni barua.)

Zanzibar leo ina bendera yake tena. Ilianza kutumika Januari 2005: buluu, nyeusi na kijani zilizolala, na kwenye kona ya juu penye mlingoti ipo hii ya Muungano, ndogo. Nani ataona ni heshima kwa Muungano na nani ataona ni kibali, inategemea uko upande gani wa maji na ajenda ya siku hiyo barazani. Mimi naiona imekaa vizuri. Bara hatuna yetu. Wajukuu wa walioshangilia usiku ule wa 1961 wengi hawajawahi kuishika bendera iliyoshangiliwa.

Hapo ndipo linapotokea lile swali la kila msimu: tuibadilishe? Tume ya Jaji Warioba ya katiba mpya, katika rasimu yake ya pili ya Desemba 2013, ilipendekeza serikali tatu: ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano. Ingepita, Tanganyika ingerudi kwa jina, na sijui nani angeizuia isidai na bendera. Bunge Maalumu la Katiba la 2014 likarudi kwenye serikali mbili, kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa, na kanda za dhahabu zilizolala zikabaki kwenye albamu. Wapo pia wanaotaka tuongeze picha: twiga, mlima, mwenge. Naomba tuwakatalie kwa upole. Twiga, mlima na mwenge wana kazi nyingi tayari kwenye noti, nembo na fulana za watalii, na bendera nzuri ni ile ambayo mtoto wa darasa la pili anaichora kwa kalamu nne bila kufuta.

Majirani wamejaribu. Rwanda iliiacha ile yenye herufi R mwaka 2001, na kwa historia iliyokuwa imeibeba nani angewalaumu? Malawi mwaka 2010 waliliondoa jua linalochomoza wakaweka jua zima, eti nchi imeshapambazuka. Miaka miwili baadaye, rais mpya, jua likarudishwa kuchomoza. Tofauti ya kesi hizi mbili ndiyo kipimo changu. Kwa Wanyarwanda nchi ilikuwa imebadilika, bendera ikaifuata. Kwa Wamalawi walibadilika wakubwa. Sisi tulibadilisha mwaka 1964 kwa sababu nchi mbili zilikuwa zimekuwa moja; siku tukiulizana upya namna tunavyotaka kuishi pamoja, tena kwa uwazi, kitambaa kitakuja chenyewe. Kabla ya hapo, kukipaka rangi mpya ni kumtafutia fundi kazi tu, ingawa mzee wangu wa Kariakoo hatakataa.

Tunachoweza kufanya sasa hivi ni kuining'iniza sawasawa. Hii ya sasa ina juu na chini. Buluu ikiwa juu, umeigeuza, basi. Nimeiona imepinduliwa kwenye lango la ukumbi wa harusi, kwenye daladala, na mwaka fulani kwenye jengo ambalo nalihifadhi jina lake. Na mkipita karibu na kituo cha polisi saa kumi na mbili jioni mkasikia filimbi ya kushusha bendera, simameni. Vijana wa bodaboda siku hizi wanapunguza mwendo tu, wanainamisha kofia ngumu, wanaondoka. Wazee wanasimama kabisa, na kikapu cha dagaa mkononi, hadi kamba iishe kushuka.

Nawatakia sikukuu njema. Mnaosafiri, fungeni mikanda na mkifika mtupigie, si kutuma emoji. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba, nasi tunawasubiri Januari 12 mtualike pilau. Wanaobaki mjini, tarehe 9 mchana karibuni kwangu Magomeni. Kuna biriani ya kuku na juisi ya ukwaju. Shangazi ameshasema hataki mtu amletee soda mezani kwake. Bendera ninayo, ya kushonwa, ila ngazi ya jirani imevunjika, kwa hiyo mwenye ngazi aje nayo mapema.