Barua kwa Baba, Kizota

Tallinn, Estonia, Novemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wewe na mama mkiwa wazima, na kwamba mvua imekwisha kuanza hapo Dodoma. Huku saa kumi jioni ni giza totoro, na baridi yake sina hata la kuisimulia.

Uliniuliza kwenye simu ninasomea nini hasa, nikajibu kwa haraka kwamba ni usalama wa mtandao, nawe ukanyamaza kama unyamazavyo jibu lisipokutosha. Naomba sasa nijibu vizuri.

Tunafunzwa kukabili vitisho mseto, yaani adui asiyetangaza vita bali anakusumbua kwa pande nyingi kwa wakati mmoja: anaingia kwenye mitambo, anaeneza uvumi, anavuruga benki, na kila jambo likitazamwa peke yake linaonekana kama hitilafu au utundu wa vijana. Nchi hii iliyaonja hayo mapema. Aprili 2007, Serikali ilipohamisha sanamu ya askari wa Kisovieti kutoka katikati ya jiji, fujo zilizuka mitaani, na papo hapo tovuti za wizara, magazeti na benki zikaanza kufurikishwa kwa maombi ya uongo ya kuzifungua kutoka kompyuta za nchi nyingi, hali iliyoendelea kwa majuma kadhaa. Mwaka uliofuata kituo cha NATO cha ulinzi wa mtandao kikaanzishwa hapa Tallinn. Na watu wa nchi nzima ni kama milioni 1.3 tu, Baba, ilhali mkoa wetu peke yake ulihesabiwa zaidi ya milioni 3 katika sensa ya 2022.

Lakini somo lililonikaa zaidi ni la Ukraine. Tarehe 23 Desemba 2015 waendeshaji wa mitambo ya umeme walikiona kishale cha kompyuta kikitembea chenyewe kwenye skrini, kikizima kituo kimoja baada ya kingine, na wateja zaidi ya 200,000 wakabaki gizani. Wavamizi walikuwa wameingia miezi mingi kabla, kwa viambatisho vya barua pepe ambavyo wafanyakazi walivifungua bila wasiwasi. Wakati huohuo simu za huduma kwa wateja zilijazwa miito ya uongo, hata mwenye shida ya kweli asipate pa kuripoti. Umeme ulirudi baada ya saa chache kwa sababu mafundi walipanda magari, wakaenda vituoni na kuwasha swichi kwa mikono yao.

Juma lililopita tulifanya zoezi la siku tatu juu ya nchi ya kubuni. Mimi nilikuwa kiongozi wa zamu katika shirika la umeme. Wenzangu walikuwa mwanasheria, askari polisi, mhandisi wa maji na ofisa habari. Usiku wa pili, nikiwa nimechoka, ilipigwa simu kwa sauti ya katibu mkuu wa wizara, ileile niliyoisikia kikaoni asubuhi, ikiniamuru nizime kituo fulani mara moja kwa usalama wa wananchi. Nikazima. Sauti ilikuwa imetengenezwa na kompyuta kutokana na maneno ya kikaoni, na kituo kile ndicho kilichokuwa kikipeleka umeme hospitalini. Mkufunzi hakunikaripia, aliuliza tu kwa nini sikukata simu nikampigia katibu mkuu mwenyewe kwa namba iliyo kwenye daftari la zamu.

Hapo nikakukumbuka, Baba, ukiwa stesheni masta. Siku moja dereva wa treni alipiga honi mpaka akachoka, na bwana mmoja mwenye suti akakufokea mbele ya abiria, nawe hukuiruhusu treni iondoke mpaka mwenzako wa stesheni inayofuata athibitishe kwa simu na wewe uandike saa kwenye kitabu. Nilikuwa darasa la nne, na nikuombe radhi, niliona aibu.

Kwa maoni yangu, mazoea hayo ya kuthibitisha kwanza ndiyo tunayoyapuuza nyumbani. Tukisikia usalama wa mtandao tunawaza kununua mitambo. Pale Mtumba, kwenye mji wa Serikali, wizara zimepakana kiasi cha mtu kutembea kwa miguu kutoka moja hadi nyingine, lakini sijui ni maofisa wangapi wamewahi kukaa pamoja kujizoesha nani ampigie nani, na wafanye nini simu nazo zikizimika. Mnakumbuka Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, jinsi mtandao ulivyotusumbua hata sisi tusio na bahari. Nikirudi nitaomba kibali cha kuendesha zoezi kama hili, hata la nusu siku.

Kuna ombi moja la nyumbani. Mama aliwahi kutumiwa ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", akatuma. Leo matapeli wanaweza kupiga kwa sauti yangu kabisa, wakisema nimelazwa. Naomba mama achague neno moja la Kigogo litakalokuwa letu sisi watatu, na yeyote atakayepiga akiomba fedha aulizwe hilo kwanza, hata kama analia. Msiliandike popote, wala msinitumie kwenye simu. Nitakuja Januari, mama ataninong'oneza mwenyewe.

Ni mimi mwanao,
Mazengo