Barua kwa Somoe: namuomba bibi

Mtwara, Jumapili jioni

Shoga yangu Somoe,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mtoto kapona homa. Najua nimekaa kimya tangu ule msiba wa kwa mjomba, unisamehe, nitakueleza tukionana. Leo nina shida: namtaka bibi yako awasimulie wanafunzi wangu kile kimbunga alichokiona, kabla muhula haujaisha.

Muhula huu nimepewa somo la majanga na maafa, darasa la mchanganyiko: ualimu, sheria, biashara, kompyuta, wote chumba kimoja. Nikaanza kama tulivyofundishwa sisi. Kimbunga peke yake ni hatari; kikikuta watu na nyumba dhaifu, ndipo panakuwa na maafa. Wakaandika, hakuna aliyeinua uso. Wiki iliyopita nikataja kimbunga Kenneth, wee, darasa likachemka.

Unaikumbuka ile Alhamisi, 25 Aprili 2019, shule na maofisi vimefungwa, watu wanahamishwa. Kijana mmoja wa biashara akasimama. Mama yake anauza samaki Feri, na siku ile alimwaga ndoo mbili za vibua, wateja hakuna. "Mwalimu, walitudanganya. Hata bati halikutikisika." Darasa zima likamuunga mkono.

Nikauchora Mto Ruvuma ubaoni. Kimbunga kilitua ng'ambo, Cabo Delgado, upepo unazidi kilomita 200 kwa saa, na Msumbiji walikufa watu zaidi ya 40. Binti wa sheria, huwa haongei kabisa, akasema paa la shangazi yake kule Macomia, hukohuko Cabo Delgado, liliondoka siku hiyohiyo. Kimya. Chaki ikanishinda mkononi, Somoe.

Lakini yule kijana hakukubali, na tangu hapo silali vizuri. Maana ana haki yake. Onyo lilikuwa la kweli, kimbunga kilikuwepo, kingepinda kidogo tu kaskazini kingekuwa chetu. Ila ndoo za mama yake nani alizilipa? Mtu anayekula kwa mauzo ya siku, ukimwambia funga mara moja na kisije kitu, mara ya pili hafungi. Udhaifu wenyewe ndio huo, uko mle ndani ya ndoo, nami nilikuwa nausomesha kama maneno ya mtihani. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 nacho kilitua Mafia, mbali na nyumba zetu, lakini mvua yake ikaikata barabara pale Somanga. Wewe uliyelala ndani ya basi unajua zaidi yangu.

Halafu wa ualimu akaleta hoja: huku tuko karibu na ikweta, mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kukizungusha kimbunga, kwa hiyo hatufikiwi. Ni kweli kwamba ni nadra. Nikamuuliza, na kile kimbunga kilichoipiga Lindi Aprili 1952? Hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia, na humo wamo watoto wa Lindi!

Ndipo nikamkumbuka bibi pale barazani, anaulaza mkono kuonyesha minazi ilivyolala yote upande mmoja. Nataka wamsikie yeye. Nikiongea mimi, wanaona slaidi tu.

Sitaki kumchosha. Hata nikimrekodi kwa simu nusu saa inatosha, aongee anavyopenda, akichanganya na Kimwera sawa tu. Yule kijana wa vibua ningependa nije naye, akae mbele yake.

Sasa niambie, masikio yake bado yanasikia vizuri? Asubuhi au baada ya alasiri, wakati gani anachangamka? Atakubali wageni, au mama yako amwandae kwanza? Unadhani anakumbuka kama kuna mtu aliyewaonya siku ile? Na baada ya upepo walikula nini, walilala kwa nani? Nije Jumamosi hii? Nimletee khanga au anapenda zaidi ubuyu?

Nijibu hata usiku, simu iko wazi.

Wako,
Zuhura