Barbados: panga njia kwanza, hoteli baadaye

Watu wengi wanaotuulizia visiwa vya Karibi huja wakiwa wameshachagua hoteli. Wameiona mtandaoni, wameipenda, wengine wameshatanguliza malipo. Tunawaomba waiweke pembeni kidogo tuzungumzie njia, maana safari hii huharibikia njiani, si kisiwani.

Tuchukue Barbados, kisiwa tunachokipendekeza zaidi kwa anayekwenda Karibi mara ya kwanza. Mtanzania, Mkenya au Mganda haombi viza ya Barbados kwa matembezi, na habari hiyo njema ndiyo inayowaponza watu. Ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu hakuna. Lazima ubadilishe ndege katika nchi nyingine, na viza inadaiwa huko.

Ukipita Marekani, hata kwa saa mbili tu Miami, utapitishwa uhamiaji kama mtu anayeingia nchini, kwa hiyo bila viza ya Marekani hupandi ndege. Ukipita London, pasipoti zetu zinahitaji viza ya kupita hata kama hutoki nje ya uwanja, ingawa baadhi ya wenye viza halali ya Marekani au Kanada husamehewa. Na kama ndege ya kwanza inatua Heathrow na ya pili inaondokea Gatwick, hapo unaingia Uingereza kabisa, na viza yake ni nyingine. Tiketi za namna hiyo ndizo zinazoonekana za bei nafuu mtandaoni. Tovuti haikuulizi pasipoti yako ni ya wapi. Atakayekuuliza ni mhudumu wa kaunta usiku wa safari, masanduku yakiwa tayari kwenye mizani.

Ndiyo maana tunapenda kupitia Amsterdam, ambako kuna ndege ya kwenda Bridgetown, mji mkuu wa Barbados, hasa miezi ya baridi ya Ulaya. Iwe tiketi moja mpaka mwisho, mizigo isajiliwe moja kwa moja, nawe ubaki ndani ya uwanja. Usidhani Ulaya yote ni sawa, lakini: Hispania iliwawekea Wakenya viza ya kupita mwaka 2024, na mwenye pasipoti ya DRC anaihitaji katika nchi zote za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja.

Halafu kadi ya njano. Sindano ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri. Kama kadi yako ya zamani inaonyesha imekwisha baada ya miaka 10, usihangaike. Tangu Julai 2016 sindano moja inahesabika maisha yote. Angalia tu jina lifanane na la pasipoti, hasa kwa akina mama waliobadili jina baada ya ndoa.

Kuhusu tarehe, msimu wa vimbunga ni 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele chake ni kati ya Agosti na Oktoba. Bei hushuka sana miezi hiyo. Barbados iko mashariki kabisa na vimbunga vingi huipita kaskazini, lakini Julai 2024 Beryl kilivunja mashua za wavuvi Bridgetown, na siku hiyohiyo kikaisambaratisha Carriacou kule Grenada. Jamaika nayo ilipigwa vibaya na Melissa Oktoba 2025. Kama likizo yako haiwezi kuhama Agosti, nenda, ila nunua bima ya safari mapema, kwa sababu kimbunga kikishapewa jina, bima utakayonunua siku hiyo haitakigusa. Mwenye nafasi ya kuchagua tunamwambia Mei: bei za msimu wa juu zimeshapungua, vimbunga bado.

Hoteli sasa. Pwani ya magharibi bahari imetulia, watoto wanaogelea. Bathsheba, mashariki, ni pazuri mno kwa macho, lakini mawimbi yake ni ya wateleza mawimbi, na mwani wa kahawia huelekea kujaa upande huo. Si lazima ulale karibu na kila unachotaka kuona, kwani kuna ZR, vipanya vyeupe vyenye mstari wa rangi ya damu ya mzee, muziki juu, abiria wamebanana. Mtu wa daladala au matatu atajiona yuko nyumbani. Ukisikia bei, uliza ni dola ipi, maana dola 2 za Barbados ni 1 ya Marekani. Chakula hakitakusumbua: cou-cou ni ugali uliosongwa na bamia, huliwa na samaki.

Usipakie nguo yoyote ya mabakamabaka ya kijeshi, hata ya mtoto. Sheria ya Barbados inakataza raia kuivaa. Soketi zao ni za pini bapa mbili na umeme ni volti 115, kwa hiyo pasi yako ya nyumbani iache.

Ukitaka tukupangie, tutumie ukurasa wa picha wa pasipoti, viza zozote ulizonazo, kadi ya njano na tarehe unazofikiria. Tutakurudishia njia unazoweza kupita kabla hujalipia chochote.