Wanangu wa udaktari wa mifugo, msikubali sahihi ya kazi ambayo hamjaifanya

Wanangu, habari za masomo. Nawaandikia nyie mlio mwaka wa mwisho na wa kabla yake, mnaojiandaa kwenda fildi na wale ambao mko huko tayari. Nimesimamia wanafunzi miaka mingi sana na leo nina jambo moja tu moyoni, zile sahihi kwenye logibuku zenu, yale madaftari ambayo msimamizi anasaini kila kazi ya vitendo uliyoifanya.

Juzi kaja kwangu kijana mmoja, mtoto mpole, ana heshima, maksi zake za juu, logibuku imejaa vizuri. Kazi ya kutia dawa kwenye mshipa wa shingo wa ng'ombe imesainiwa mara sita. Tukaitwa kwa ng'ombe aliyezaa jana yake, tumemkuta amelala kifua chini, shingo kaipindisha kageuzia kichwa ubavuni, masikio ya baridi, yaani homa ya maziwa ile ya kwenye kitabu kabisa (na hapo ndo mnakumbuka jina lenyewe linadanganya, homa hana, kalsiamu ndo imeshuka kwenye damu na mwili wake ni wa baridi). Nikampa kijana sindano. Akasimama anaitazama ile shingo, hajui abane wapi. Nikamvuta pembeni nikamuuliza taratibu, mwanangu hii umeshaifanya? Akaniambia ukweli, hapana dokta, nilishika kamba ya ng'ombe tu, wengine ndo walichoma. Zote sita alishika kamba.

Sikumgombeza. Najua inavyokuwa, mko kumi na mnyama ni mmoja, msimamizi ana haraka, mwenye ng'ombe anasema asiguswe na mwanafunzi, basi wawili wa mbele wanafanya na nyie wengine mnachungulia juu ya mabega afu jioni kila mtu anasainiwa. Na mimi nilisainiwa hivyohivyo kwenye kuzalisha. Nilikuwa nyuma kabisa, nikaona kamba, nikaona ndama katoka, nikaandika nimezalisha.

Usiku wa kwanza nilioitwa peke yangu nikiwa daktari nikakuta miguu miwili ya mbele iko nje tayari. Nikafunga kamba, nikaita wanaume watatu tukavuta. Tukavuta sana. Kichwa kilikuwa kimegeuka nyuma ubavuni na mimi sikuingiza mkono kukitafuta, kwa sababu ile siku ya mafunzo nilichoona kwa macho ni watu wanavuta, sikuona mkono wa mwalimu ulichofanya ndani kabla ya kuvuta. Ndama alikufa, na mama yake tulimpoteza siku ya tatu. Mwenye ng'ombe alinishukuru kwa kuja usiku. Hiyo shukrani hadi leo bado inaniuma kuliko kama angenitukana.

Kile ambacho macho hayaoni kutoka nyuma ndicho hiki: unapaka kilainishi cha kutosha, unaingia, unahesabu vitu vitatu, miguu miwili na pua. Pua haipo, huvuti. Unamsukuma ndama arudi ndani pale mama anapopumzika, sio anaposukuma, unatafuta mdomo wake na unaufunika kwa kiganja ili meno yasichane mfuko wa uzazi, unaleta kichwa mbele. Mkono unakufa ganzi, mama anabana mpaka unahisi mfupa utavunjika, na vidole ndo vinafikiri hapo, macho yako wala hayana kazi. Hakuna mtu anayeweza kujifunza hilo kwa kuchungulia.

Haya turudi kwa yule ng'ombe wa juzi. Nilimwambia kijana aweke mkono wake chini, wangu juu yake, tukabana mshipa pamoja mpaka ukavimba akausikia unavyobonyea na kurudi chini ya kidole kama mpira wenye maji, akachoma, damu ikaja. Chupa ya kalsiamu tulishaipasha moto ifanane na joto la mwili. Nikampa stetoskopu nikamwambia usiitoe masikioni mpaka chupa iishe, maana kalsiamu ikikimbizwa inasimamisha moyo, ukisikia mapigo yanaruka au yanapungua ghafla unashusha chupa hapohapo, huulizi mtu. Dakika zikapita. Misuli ikaanza kutetemeka, ng'ombe akacheua hewa, akanya, jasho likatokeza puani. Kijana alikuwa analia kimyakimya. Hiyo ndo sahihi wanangu.

Msidhani hili ni wazo la kizee. Mfaransa Claude Bourgelat alipoanzisha shule ya kwanza ya udaktari wa wanyama pale Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, ng'ombe wa Ulaya walikuwa wanateketea kwa sotoka, ile tauni ya ng'ombe, na wanafunzi wake walipelekwa mashambani kwenye magonjwa yenyewe. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, ila namna ile ya kufundisha bado inatakiwa. Na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilitoa mwaka 2012 mapendekezo ya yale ambayo daktari lazima ayaweze siku ya kwanza kazini. Ayaweze, sio ayajue tu. Na kujua kikomo chako ukamwita aliyekuzidi, hilo nalo ni uwezo, na mi naliweka juu kuliko mengine mengi.

Siku hizi mna bahati, kuna ngozi za bandia za kushonea, kuna ng'ombe wa plastiki wa kuzalishia, na ni vizuri, mnyama mzima asiteseke kwa ajili ya mikono inayojifunza kufunga fundo. Funga fundo mia mbili kwenye kamba ya kiatu kabla hujagusa mbwa jike wa kufunga kizazi, maana fundo likiteleza pale kwenye mshipa wa ovari damu inajaa tumboni huku wewe unaona mshono wa nje umependeza.

Kuna kitu kingine ambacho logibuku nyingi hazina hata mstari wake, kuongea na mwenye mnyama. Ombeni mruhusiwe kuongea. Mwambie mtu kwa mdomo wako mwenyewe kwamba maziwa ya huyu ng'ombe yasinywewe wala kuuzwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe, uone uso wake unavyobadilika, afu ujifunze kubaki pale na kumweleza mpaka aelewe. Mwambie mtu mbwa wake hatapona. Usiangalie simu, usikimbilie majina ya dawa, nyamaza kidogo.

Ya usalama nayasema haraka. Chanjo ya kichaa cha mbwa kabla hujaanza kushika wanyama. Kondo la nyuma bila glavu hapana, hata kama msimamizi mwenyewe anashika hivyo. Na mnyama aliyekufa ghafla akiwa anatoka damu isiyoganda puani msimpasue hata mwalimu akiwa na hamu ya kuwaonyesha viungo, huo unaweza kuwa ugonjwa wa kimeta na ukipasua umepanda vijidudu vyake ardhini kwa miaka na miaka.

Na nyie walimu wenzangu, mkimpa mtoto sahihi ya huruma mnamnyima mwalimu, maana hakuna atakayemfundisha tena kitu ambacho karatasi inasema anakijua.

Basi leo usiku kila mmoja afungue logibuku yake, achukue penseli, aweke alama kwenye kila kazi aliyosainiwa ila mikono yake haijaifanya. Kesho mpelekee msimamizi wako umwambie dokta naomba hizi nizirudie. Wengine watakukasirikia kidogo, vumilia. Yule kijana alifanya hivyo usiku uleule, alikuta alama kumi na moja. Mpaka sasa tumeshafuta saba. Ya nane ni kuzalisha, kwa hiyo analala na simu yake ikiwa wazi, na mimi pia.