Kwa vijana wa kwaya yetu, kabla ya Pasaka

Wanangu,

Nawasalimu katika jina la Bwana. Jumapili iliyopita mliimba hadi mama mmoja nyuma yangu akalia. Nilifurahi, lakini njiani nikirudi nyumbani nilianza kuwawaza, na mawazo hayo hayajaniacha.

Wamisionari wa Moravian walifika hapa Rungwe mwaka 1891. Wengi wenu mmebatizwa kwa sababu bibi zenu walibatizwa. Namshukuru Mungu kwa hilo, ila lina hatari yake. Mtu anazaliwa kanisani, anapata kipaimara, anavaa sare, anaimba sauti ya tatu bila kukosea, na hajajiuliza hata siku moja kama anaamini. Paulo aliwaandikia Wakorintho, watu waliokwisha kubatizwa, wajijaribu wenyewe kama wamo katika imani. Wajijaribu wenyewe, wala si wenzao.

Mimi nilichelewa kujijaribu. Nilikuwa nanunua viazi Isongole na kupeleka Dar es Salaam, huku nikiwa mzee wa kanisa. Tulinunua kwa lumbesa. Mmeiona: gunia likijaa linaongezewa kilemba juu, linashonwa kwa kamba, linasimama kama kichuguu. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. La kwetu lilipita hapo, na mkulima alilipwa gunia moja. Mama mmoja mjane aliniuliza, "Na hiki cha juu, mzee?" Nikamjibu kwamba ndivyo soko linavyotaka. Jumapili ile ile nilisoma somo madhabahuni, naye amekaa benchi la tatu. Sauti yangu haikutetemeka. Hilo linaniuma kuliko hata vile viazi.

Miaka ikapita. Siku moja nilikuwa naandaa neno juu ya Zakayo, yule mtoza ushuru, kwa ibada ya jumuiya, nikakwama. Yesu hakumdai Zakayo kitu. Aliingia tu nyumbani kwake, na Zakayo akasimama mwenyewe akasema aliyemnyang'anya kitu kwa hila atamrudishia mara nne. Mimi nilikuwa nasali asubuhi na jioni, nafunga Kwaresima, natoa ahadi na mavuno, na Yesu huyo huyo sikuwahi kumfungulia mlango wa ghala. Nikaenda kumtafuta yule mama. Alikuwa ameshafariki. Nilimpa binti yake fedha, akazipokea kwa mikono miwili bila kusema neno. Na mimi sikuwa na la kusema.

Sasa ninyi. Nimesikia fundi wa Mwanjelwa aliyeshona zile sare za bluu hajamaliziwa fedha yake, na mnachangisha za kurekodi video. Huenda kuna jambo sijaelezwa. Mwenyekiti wenu aje aniambie. Lakini mkitaka kujua imani yenu imefika wapi, msiyatazame machozi ya wasikilizaji, maana hata kinanda peke yake kinaweza kumliza mtu. Nendeni kwa huyo fundi. Mkae naye, mhesabu mbele yake, mmwombe radhi kwa kumchelewesha. Ana watoto wa kulisha, na kila Jumapili mnapanda madhabahuni mkiwa mmevaa jasho lake.

Mlipeni kabla ya Pasaka. Video itasubiri. Mkipungukiwa njooni nyumbani jioni yoyote, nami nitachangia.

Baba yenu,
mzee wa kanisa mstaafu, Rungwe