Dk. Mengi hakutualika kwa ajili ya pilau tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimzungumzie marehemu Dk. Reginald Mengi. Kila inapofika Mei 2, tarehe aliyofariki dunia huko Dubai mwaka 2019, naona tunamkumbuka nusunusu. Wanaoandika juu yake wanaanza na utajiri, wanakuja ITV, Radio One na magazeti, wanamtaja kama Mwenyekiti Mtendaji wa IPP, kundi la kampuni zake, halafu mwishoni kabisa wanabandika sentensi moja kwamba alikuwa akiwalisha walemavu. Mimi ni mmoja wa hao waliolishwa, na sentensi hiyo hainikai vizuri.

Nilipata polio nikiwa mdogo. Natembea kwa magongo, na riziki yangu ni ushonaji. Wanaoijua kazi hii wanaelewa kwamba cherehani ya kukanyaga kwa mtu kama mimi ni pambo la sebuleni, kwa hiyo nilianza na ya mkono. Mkono wa kulia unazungusha gurudumu, wa kushoto peke yake unaongoza kitambaa, na ukifika kwenye kona ya mfuko unasimama, unageuza kitambaa, unaanza tena. Suruali moja ya shule inakula muda ambao jirani yangu mwenye miguu mizima anamaliza mbili. Siku hizi nimefunga mota, na umeme ukikatika narudi kwenye mkono.

Habari za mota nilizipata kwenye chakula cha mchana cha Mengi. Kwa miaka mingi mzee yule alikuwa akituandalia watu wenye ulemavu karamu pale ukumbi wa Diamond Jubilee, Dar es Salaam. Aliyepita Barabara ya Malik siku ile lazima alishangaa: baiskeli za magurudumu matatu zimepangana nje kama stendi, wasioona wanaingia wameshikana mabega, viziwi wanapiga soga kwa mikono kutoka meza hii hadi ile, na hakuna wa kuwaambia wapunguze sauti. Muziki ulipigwa na watu walicheza, wengine kwa viti vyao. Meza niliyokaa mimi alikuwepo fundi mwenzangu aliyepooza miguu yote miwili. Kabla soda haijafunguliwa alikuwa ameshanichorea kwenye karatasi ya kufutia mikono namna ya kufunga mota na swichi ya kubonyeza kwa kiwiko. Upande wa pili akakaa kijana wa chama chetu anayejua sheria, na ndiye aliyenieleza kwa mara ya kwanza kwamba zipo haki zetu zilizoandikwa.

Pilau nilikula, sikatai, na lilikuwa zuri. Lakini pilau hata nyumbani linapikwa. Mahali pa kukutana watu wengi namna ile, kila mmoja na ujanja wake wa kuishi, hapakuwepo kwingine. Kumwita mtu aliyetukusanya hivyo "mlishaji" ni kumpunguza yeye na kutupunguza sisi.

Isitoshe, ukiangalia alivyoanza yeye mwenyewe, unaona hakuwa mtu wa kuamini kwamba binadamu anasaidika kwa sahani. Alizaliwa Machame katika familia ya kimaskini, akasoma uhasibu Uingereza, akarudi nchini akafanya kazi ya ukaguzi wa hesabu katika kampuni ya Coopers & Lybrand hadi akawa kiongozi wake hapa Tanzania. Miaka ile ya uhaba, vijana wa sasa hawawezi kuelewa, hata kalamu ya kawaida ya kuandikia ilikuwa inasakwa. Mhasibu huyu mwenye mshahara wake mnono akaagiza vipande vya kalamu akawa anaviunganisha nyumbani kwake. Viwanda vilivyofuata, maji ya Kilimanjaro yanayotoka kiwanda chake cha Bonite kule Moshi, televisheni yake ya ITV iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1994, vyote vilikuja baada ya kalamu hizo. Mtu anayeunganisha kalamu chumbani anaijua thamani ya kupewa mahali pa kuanzia.

Mengine aliyofanya nitayapitia haraka, maana wengi wanayajua. Aliwahi kuongoza Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, akahimiza upandaji miti Kilimanjaro mpaka tukazoea kumwona na jembe mkononi. Aligharimia watoto wenye matatizo ya moyo kwenda kutibiwa India. Mwaka 2009 alisimama akawataja kwa majina wafanyabiashara aliowaita mafisadi papa, na nchi nzima ikawa haina mazungumzo mengine. Wapo waliosema hakutenda haki kutumia televisheni yake mwenyewe kusema vile, na kwa kweli hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Mengi hakuwa malaika. Alikuwa mfanyabiashara, mwenye marafiki, mahasimu na kesi mahakamani. Ila alipoamini jambo hakulinong'ona.

Mwili wake ulipoletwa ukumbi wa Karimjee kuagwa nilikwenda. Foleni ilikuwa ndefu, na askari mmoja akanipitisha pembeni bila kuniuliza jina. Waheshimiwa walikuwa wengi, wakurugenzi wa kampuni walikuwa wengi zaidi, na wote waliongea vizuri. Kisha akapelekwa Kilimanjaro, akazikwa kwao Machame. Magazeti ya wiki ile yalijaa rambirambi za makampuni, picha yake katikati na nembo ya kampuni chini, kubwa kuliko maneno yenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo langu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Kampuni ya watu 100 ni watatu tu. Hao watatu hatuwaoni. Hapa ninaposhona wanapita wafanyakazi wa maofisi kila asubuhi, wananijia kupunguziwa suruali na kubadilishiwa zipu, na nikiwauliza kama kazini kwao yupo mwenye gongo au fimbo nyeupe, wengi wanafikiri kwanza, halafu wanamtaja mtu wa mapokezi aliyeshaacha kazi.

Nami nilijaribu. Kiwanda kimoja cha nguo kilitangaza nafasi za mafundi, nikaenda na sampuli zangu, shati na suruali nilizoshona mwenyewe. Msimamizi aliishika ile shati, akaigeuza, akaangalia mishono ya ndani, akasifu kola. Halafu akaniangalia miguu, akasema mashine zao zote zina pedali. Nikamweleza kuhusu swichi ya kiwiko, kitu cha kufungwa na fundi umeme kabla ya chai ya saa nne. Akanishukuru kwa kuja. Sikumlaumu sana yeye, maana hajawahi kuona mtu akishona hivyo. Laiti angekuwepo kwenye karamu zile angekuwa ameona.

Kuna pia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 na baadaye ikarejeshwa. Ni jambo jema, na nawajua walionufaika. Lakini ofisi moja niliyokwenda kuulizia fomu ipo ghorofani na haina lifti. Nilipanda kwa makalio, ngazi moja moja, magongo nimemkabidhi mlinzi, na fomu zilikuwa zimekwisha.

Ndugu Mhariri, ombi langu ni dogo. Mei inapokaribia, makampuni yatakuja tena kwenye ofisi yako kulipia matangazo ya kumbukumbu ya Dk. Mengi. Mkipokea fedha zao, na mnazihitaji, sibishi, waulizeni kila mmoja swali moja na jibu lake mlichape chini ya nembo yao kwa herufi zinazosomeka: mna wafanyakazi wangapi, na wangapi kati yao ni watu wenye ulemavu. Si idadi ya viti mwendo walivyogawa, wala picha ya mkurugenzi akimpa mtoto asiyeona mfuko wa mchele. Idadi ya watu walio kwenye orodha ya mishahara.

Asiyetaka kujibu, mwacheni nafasi yake wazi tuione. Gazeti lenu nalo lijibu swali hilohilo, na kama chumba cha habari kipo juu na lifti ni mbovu, mliandike na hilo.

Fundi cherehani,
Ilala, Dar es Salaam