Fundi uliyenirudisha kwenye chokaa, ahsante

Jina lako silijui. Ulipita uchochoroni kwetu Malindi, Idd imekaribia, ukaniona nimeshika kopo la rangi ya plastiki. "Ukuta wa mawe na chokaa huo, mama, unataka kupumua, unyevu utoke." Ukabandua rangi kuukuu kwa ukucha; nyuma yake ukamwagika unga mweupe. Ukanambia nionje. Chumvi! Fundi niliyemlipa mwanzo hata kuugusa ukuta hakuugusa; alipaka juu ya unyevu, mwezi haukwisha rangi ikavimba kama andazi.

Wewe ulikaa hadi adhana ya alasiri, senti hukudai. Ukanieleza kuwa fundi wa kweli huanza na brashi ya waya, hufunika sakafu na kitanda, huziba nyufa kwa chokaa, kisha husubiri ukuta ukauke. Ndipo apige chokaa nyepesi mikono mitatu, yaani tabaka tatu, akirashia maji kabla ya kila mkono. (Nilicheka: tumesubiri ukauke, sasa tunaurowesha? Ukanambia ni maji kidogo tu, ili chokaa ishike.) Na bei iandikwe, vifaa mbali, ufundi mbali.

Nimefuata. Chumba cha bibi hakinuki tena ukungu. Ukipita tena, kahawa na haluwa zipo barazani. Mola akulipe kheri.